Mtoto Aliyeachwa Kwenye Theluji

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabango ya matangazo Madamu Charito, mwenye ukumbi wetu wa theluji, aliponituma niingie humo nikakusanye makoti ya watoto. Ilikuwa kazi ya kila jioni. Wateja wakitoka huyavua popote na kuyatupa chini, kwa kuwa wanajua yupo mtu wa kuinama.

Theluji yenyewe ni barafu ya kusagwa. Inatapikwa na mashine iliyofichwa nyuma ya dubu mweupe wa plastiki, na dubu mwenyewe ameng'oka sikio. Watu wa Manila hawajali. Wanatoka kwenye joto la nje, wanavaa makoti yanayonuka jasho la waliotangulia, wanarushiana barafu nusu saa, kisha wanatangaza mtandaoni kwamba wamejua baridi ya Ulaya. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, lakini hata mimi najua Ulaya haina harufu ya soseji za kukaanga.

Hapo mimi ni pengwini. Nasimama mlangoni nimevaa manyoya, napunga mkono, watoto wananipiga mateke.

Nusu ya wateja wetu wanatoka msibani. Barabara yetu ina nyumba za maiti kushoto na kulia, na kwetu ukishatoka kukesha na maiti huendi nyumbani moja kwa moja. Unapitia mahali pengine kwanza ukung'ute. Aliyekufa kama amekufuata, atapotea humo na kubaki. Tunaita pagpag. Zamani watu walipitia dukani wakanunua biskuti. Siku hizi wana watoto, na watoto wanataka theluji.

Basi wanakuja na pini nyeusi za msiba vifuani, macho yamevimba. Wanateleza, wanacheka, wanapiga picha, wanakung'uta mabega na kwenda zao wakiwa wepesi. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza sisi tunaofanya kazi humo tunabaki na nini.

Jioni ile familia ya mwisho ilikuwa ya namna hiyo. Baba mwenye tumbo, mama mwembamba asiyesema, na shangazi mmoja mwenye mdomo mkubwa, mwenye simu.

"Tabasamu basi, wifi!" shangazi alipiga kelele. "Picha inatoka kama ya msibani!"

Kisha akajisikia mwenyewe, akashusha simu. Baba akacheka kidogo. Mama hakucheka. Alikuwa anautazama mtelezo, ule mdogo wa watoto, na sikuona mtoto pamoja nao.

Niliwadharau wote watatu kwa usawa.

Walipotoka, niliingia nikiwa bado na manyoya, kichwa cha pengwini kwapani. Taa kubwa zilikuwa zimezimwa. Feni zilinguruma. Niliokota koti moja, la pili, la tatu…

La nne lilikuwa limekaa.

Koti la njano, dogo kuliko yote. Lilikuwa mwisho wa mtelezo, chini kabisa, kofia imevutwa mbele, mikono imelala magotini. Barafu iliyolizunguka haikuwa na alama ya mguu.

"Wewe mtoto," nikasema. "Tumefunga. Mama yako yuko wapi?"

Kofia ikainuka polepole.

"Amekwenda kuwasha gari?" Sauti ya mvulana, ndogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Nikavuta pumzi ya hasira. Kumbe walikuwa naye. Wamekuja kukung'uta maiti, wamemkung'uta na mtoto! Nikainama kumwinua. Pumzi yangu ilitoka nyeupe kama moshi, kama ya kila mtu humo ndani. Uso wangu ulikuwa karibu kabisa na kofia yake.

Kwake haikutoka kitu.

Nikajiambia anacheza. Watoto hupenda kuzuia pumzi. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini mle ndani kila kitu ni cha baridi.

Kaka Bogs wa kaunta alikuwa anakula mipira ya samaki kwenye kijiti, mchuzi umemjaa kidevuni. Aliniangalia nikija.

"Koti moja tu? Mengine unayaachia nani, pengwini?"

"Wale wenye pini wamemwacha mtoto wao. Wapigie kelele kabla hawajaondoka."

"Mtoto yupi?"

"Huyu, Kaka. Huna macho?"

Akaacha kutafuna. Aliangalia mkono wangu, akaangalia koti lililosimama pembeni yangu bila kushikiliwa na mtu. Hapo ndipo na mimi nilipoisikia harufu. Haikuwa ya soseji. Ilikuwa ya mishumaa… na maua yaliyokaa siku kadhaa kwenye maji.

"Joralyn," akanong'ona. "Usimtazame usoni. Wapelekee wenyewe. Kimbia, gari halijatoka."

Nikakimbia. Hebu nifikirie, msomaji, nimevaa manyoya, miguu ya njano ya mpira inapiga lami pwata pwata, na nyuma yangu mtu mdogo anakimbia bila kuhema.

Shangazi ndiye aliyeniona kwanza. "Angalia, pengwini! Anataka nini?"

Nilikwenda kwenye dirisha la mama.

"Mama, mmemsahau mtoto."

Nilitegemea aniite kichaa. Nilitegemea apige yowe. Hakugeuza hata kichwa. Alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Amevaa koti?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hasikii baridi."

Baba akawasha gari. Alikuwa anatokwa jasho, na anatazama mbele kama mtu anayefanya mtihani wa udereva.

"Mama, chukua mtoto wako," nikasema. "Anakuuliza wewe."

"Nina kichanga nyumbani." Alinong'ona haraka, haraka. "Kaka yake alikuwa anampenda mno. Unanielewa? Mno. Usimsogeze hapa. Nakuomba, dada, usimsogeze."

Shangazi akainamia dirisha kutoka nyuma. "Kwani hii siyo kazi yenu? Watu wote wanakuja kuacha hapa. Nyinyi mmezoea."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka, na kioo cha nyuma kilikuwa na stika ya familia yenye furaha: baba, mama, watoto wawili.

Tumezoea! Nikatema mate palepale gari lilipokuwa.

Mkono uliokuwa ndani ya wangu ukakaza.

Sasa nikuambie niliogopa nini, maana si yeye. Nyumbani nina Pipay. Ni mdogo wangu, wa miaka mitano, mwenye kifua kibovu. Mama yetu anafanya kazi za ndani Kuwait, kwa hiyo Pipay ni wangu na wa bibi. Tunalala mkeka mmoja, mguu wake juu ya tumbo langu. Na bibi hutuambia kwamba mtu mzima aliyekufa akikufuata anataka sala, lakini mtoto akikufuata anataka wa kucheza naye. Akishampata, huondoka naye.

Nilirudi ndani. Kaka Bogs alifumba macho, akalishika koti la njano mabegani na kulivua kwa mkupuo mmoja.

Chini yake hapakuwa na mtu.

Mkono wangu wa kushoto ulibaki umeshikwa.

"Amekwenda?" Kaka Bogs akauliza, macho bado amefumba.

"Hapana."

Alinisaidia kuvua manyoya, nikavaa nguo zangu kwa mkono mmoja. "Sikiliza," akasema. "Pita pale kwenye mikate. Ingia, kaa kidogo, kunywa hata soda, toka. Ataachia. Mimi miaka yote nafanya hivyo."

"Unawaachia wale wa mikate?"

"Unataka niwapeleke kwangu?"

Mwanamume mzima, ndevu na kitambi, na kila siku anamwaga mizigo yake kwa wauza mikate. Nikamwambia kidevu chake kina mchuzi, nikaondoka.

Lakini nilikwenda. Sitadanganya. Nilisukuma mlango wa duka la mikate, harufu ya mikate moto ya pandesal ikanipiga usoni, na msichana wa zamu akaniuliza ngapi. Nyuma yake, kwenye boksi la maziwa lililotandikwa kanga kuukuu, mtoto mchanga alikuwa amelala. Mdomo wazi.

Vidole vidogo vikaanza kulegea mkononi mwangu… kimoja… kimoja…

Nikavikamata.

"Dada, ngapi?"

"Hakuna," nikasema, nikamvuta, tukatoka nje.

Mahali palipobaki ni pale alipotoka. Nilichungulia nyumba za maiti mpaka nikapata yenye jeneza la mtoto. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, taa nyeupe, feni ya ukutani, wanaume wawili wa jirani wanacheza karata mlangoni. Jeneza lilikuwa jeupe, fupi. Pembeni yake alikaa mzee mmoja peke yake kwenye kiti cha plastiki, anachovya biskuti kwenye kahawa. Maiti haachwi bila mtu, na wenyewe walikuwa wamekwenda kulala, basi wakamwacha babu.

Alitazama mkono wangu wa kushoto, namna nilivyoushika mbali na mwili.

"Wamemwacha wapi?" akauliza.

"Kwenye theluji, babu."

Aliguna. Biskuti ikakatikia kwenye kahawa, hakuitafuta.

"Alikuwa anawaomba wampeleke tangu alipolazwa. Theluji, theluji, kila siku. Wakamwambia, ukipona." Alicheka bila kutoa sauti. "Mwanangu ni mpumbavu. Alitaka kumpoteza mtoto mahali ambapo mtoto amepatamani mwaka mzima. Halafu wewe unamtoa huko unamleta kwenye sanduku."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilijiona mwema kuliko wote, na nilikuwa nimemtoa mtoto kwenye mtelezo wake.

"Nifanye nini, babu?"

"Simama naye. Akichoka atalala. Ukitoka usiage, na mimi sikusindikizi. Unajua mwenyewe, anayeagana na msiba hufuatwa."

Nikasimama. Sikuangalia ndani ya jeneza. Niliangalia mshumaa, nikasoma jina lake kwenye utepe: Yohan. Miguu iliniuma. Mkono wangu ulianza kuchoma, kisha kuwasha, kisha nikawa siusikii kabisa. Hata leo siwezi kusema kama aliniachia au kama mkono ulikufa ganzi tu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Nikatoka bila kuaga.

Kwenye uchochoro wetu majirani walikuwa bado wanaimba karaoke, vibaya kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwasikia. Mlango ulikuwa wazi. Pipay alikuwa amekaa kizingitini ananisubiri, bibi ndani anakunja nguo.

"Dada!"

"Kaa hapo hapo! Usije!"

Alikuwa ameinuka, akasimama palepale. Si kawaida yake kutii. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama chini kidogo, kushoto kwangu, kwa haya, kama anavyowatazama watoto wageni.

Kisha akasogea pembeni, akabana mgongo ukutani, akaacha nafasi mlangoni.

Nafasi ya mtu mdogo kupita.

Nilifika kwa hatua moja. Nilimsukuma Pipay ndani, nikauvuta mlango kwa nje mpaka komeo likalia. Akaanza kulia. "Kwa nini yeye haingii? Dada, kwa nini yeye haingii?"

Ningeweza kurudi barabarani. Duka la mikate lilikuwa wazi bado. Nyumba zote za uchochoro ule zilikuwa wazi, watu wanaimba, na yeyote angenikaribisha ndani ninywe maji. Ni rahisi mno. Ndiyo maana wanaifanya.

Nilikaa chini, nikaegemeza mgongo kwenye mlango. Mkono wa kushoto ulianza kupata hisia, kidogo kidogo, kuanzia vidoleni. Ulikuwa wa baridi.

"Joralyn?" bibi aliita kupitia mabati. "Mbona huingii?"

"Nipitishie mkeka dirishani, bibi. Na blanketi."

Nilimsikia akimnyamazisha Pipay, nikamsikia akifungua sanduku. Kisha mkeka ukapita dirishani, na blanketi moja.

Halafu, bila mimi kusema, la pili.