Simu ya Nanyori Haikusema

Nanyori alipoamka bwenini alipapasa kando ya mto wa kichwani. Simu haikuwepo, wala waya wake. Akapapasa chini ya godoro, akashuka kupapasa sakafuni, mwisho akakaa kitako kwenye saruji akalia. Wenzake waliokuwa wanarudi kutoka sala ya jioni walimkuta hivyo.

Kuibiwa simu Arusha si habari. Pita Kaloleni unachati uone. Lakini hii haikuwa simu ya kupigia soga. Nanyori haoni, na ndani ya simu ile mlikuwa na masomo yake yote tangu kidato cha kwanza: sauti za walimu alizorekodi darasani, na vitabu ambavyo simu ilimsomea. Wenzake wana madaftari, yeye alikuwa na hiyo tu. Hiyo ilikuwa Jumatano, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unaanza Jumatatu.

Asubuhi yake Mwalimu Evaresta alipanda mlimani hadi shuleni kwa pikipiki kutoka Usa River. Ni mwalimu wa elimu maalumu, anazunguka shule za kawaida zenye wanafunzi wasioona, na ndiye aliyehangaika mpaka usharika mmoja ukachangia simu ile. Polisi walishamwambia aandike maelezo, asubiri. Asubiri nini sasa? Akaamua kuuliza mwenyewe.

Alimkuta Nanyori bwenini, ameshikwa mkono na Angel. Angel analala kitanda cha jirani, na tangu kidato cha kwanza ndiye aliyekuwa akimwongoza njia na kumsomea ya ubaoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nieleze taratibu."

"Nilikuwa na homa, sikwenda sala. Simu ilikuwa kwenye chaji hapa kichwani. Nikasikia mtu anaingia, nikajua ni matroni, nikasinzia."

"Simu ilisema nini?"

Nanyori alifikiri. "Haikusema kitu."

Evaresta hakuuliza zaidi. Simu hizi huwekewa sauti ya kumsomea mtu kila kinachotokea. Ukiitoa kwenye chaji tu, inatangaza, na ya Nanyori ilikuwa inatangaza kama mnadi wa mitumba.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Mwalimu Ludovick wa nidhamu. Huyu hakuwahi kuficha kwamba simu ile inamkera: sheria inakataza simu shuleni, iweje mmoja aruhusiwe? Na jioni ya wizi alionekana nyuma ya bweni wakati wa sala.

"Nilikuwa nasaka watoro wa sala," alisema. "Madam, sheria naipenda, lakini sijafikia kumwibia mtoto kipofu."

Wa pili alikuwa Yiamat, mlinzi. Waya wa chaji ulikutwa kibandani kwake.

"Niliuokota njia ya chooni," alisema. "Nikasema mwenyewe atauulizia."

"Mbona hukuupeleka ofisini?"

"Ofisi ilikuwa imefungwa. Na leo kabla sijafungua mdomo mmeshaniita mwizi."

Ludovick alitaka mzee wa watu apelekwe kituoni hapo hapo. Evaresta akamwomba avumilie kidogo, akaingia ofisini, akachomeka ukutani simu yake ya kufundishia, yenye sauti ileile. Kisha akawaita wote, na Angel akaja amemwongoza Nanyori.

"Mwalimu Ludovick, nitolee simu hiyo kwenye chaji."

Ludovick akaichomoa. Simu ikatangaza ofisi nzima isikie, naye nusura aiangushe. Evaresta akairudisha, akamwomba Yiamat. Ikatangaza tena, na mzee akaiweka mezani haraka, hataki lawama nyingine.

"Angel, na wewe."

Angel akasogea. Vidole viwili vikaenda pembeni mwa simu, vikabana vibonyezo vyote viwili vya sauti kwa pamoja, vikangoja. Ndipo akaichomoa. Simu haikusema kitu.

Aliinua macho akakuta wote wanamtazama, isipokuwa Nanyori, aliyekuwa amegeuza sikio.

"Kila jioni kabla ya sala unamnyamazishia hivyo," Evaresta alisema. "Mkono wako umezoea. Nilimfundisha Nanyori njia hiyo siku ya kwanza, na uliyekuwa umemshika mkono ni wewe. Iko wapi, mwanangu?"

Angel alijaribu kusema alikuwa salani. Maneno hayakufika mwisho.

"Nimeitupa chooni."

Choo chenyewe ni cha shimo, kirefu. Ludovick akakaa. Yiamat akasema pole, na hakuna aliyejua anampa nani.

"Kwa nini?" Nanyori aliuliza.

"Ulikuwa unaniita kila saa. Angel nisomee, Angel nipeleke. Nilichoka wakati mwingine, lakini nilikuwa mtu kwako. Mwaka huu ukaanza kuvaa visikilizio vya simu masikioni, hata nikikaa karibu hujui nipo. Nilidhani simu ikipotea utaniita."

Nanyori akarudi nyuma hatua moja.

Evaresta alipiga simu mjini, akapiga usharikani, akapiga kila alikoweza. Simu nyingine ingepatikana, labda, mwakani. Na hata ingepatikana leo ingekuwa tupu, maana kuhifadhi sauti zile mtandaoni kulihitaji bando, na bando hakuna aliyewahi kulifikiria. Hata yeye. Alikaa kwenye benchi la nje na mkoba wake mapajani, asijue la kufanya.

"Angel anarudi kwao leo," Ludovick alisema. "Atakuja kufanya mtihani tu."

"Na madaftari yake?" Nanyori aliuliza.

"Ataondoka nayo. Wengine watakupa yao."

"Wengine hawajui kunisomea. Grafu wanairuka, ramani wanasema ngoja. Yeye anajua." Sauti yake ilikuwa kavu. "Msimwondoe, mwalimu. Sijamsamehe. Nani atanisomea mpaka Jumatatu?"

Ludovick akakubali Angel abaki. Alasiri Evaresta alipokwenda kuaga, aliwakuta darasani, Angel na daftari la Jiografia, Nanyori amekaa amempa mgongo.

"Haraka zaidi," Nanyori alisema.

"Nasoma haraka, Nanyori."

"Ile ilikuwa inasoma haraka kuliko wewe."

Angel akafuta macho kwa kiganja, akaongeza mwendo.