Mzee Masele Alikuja kwa Ajili ya Paa

Soko kuu la Tabora lilikuwa limefurika Abbasi aliposimama kwenye meza ya asali ya Shamila, binti wa dera la zambarau na kicheko cha karibu. Akaonja mara tatu.

"Kaka, unanunua au unashiba?"

"Nanunua. Natafuta tu sababu ya kukaa."

Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

Mama yake Shamila, Bi Tatu, alipotaka kuuza nyumba yao ya Gongoni arudi kwao Kigwa, Abbasi, fundi makochi aliyechoka na nyumba za kupanga, akaitaka. Moyoni alivitaka vyote viwili, nyumba na binti, ila alitamka la nyumba tu. Wanaume wapole wana ujinga wao.

Fundi seremala aliyepanda darini kukagua alishuka na vumbi la mchwa kichwani. Kenchi, mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa. Bei ilibidi ishuke, lakini kijana atavutanaje bei na mama anayemwamkia shikamoo? Akamtuma jirani yake, Mzee Masele. Mzee akavaa kanzu na koti, na kabla ya kwenda akapiga simu kwamba ametumwa na Abbasi, ana neno.

Mzee wa namna hiyo Tabora huja kuposa. Bi Tatu akapika pilau, akaita mashangazi. Shamila akavaa gauni jipya, akasikiliza nyuma ya mlango.

"Kijana wangu ameridhika," alisema Mzee Masele, "ila paa lina mchwa. Anaomba mpunguze."

Shamila alilia kwa aibu, akazima simu.

"Pilau nimekula, lakini wamenuna," mzee alimwambia Abbasi jioni. Abbasi akaelewa kwamba walisubiri posa, akaenda mwenyewe mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupunguza na kuta?"

"Hapana, mama. Bei iwe yako ile ile. Nilikosea kuanza na nyumba. Nataka kumwoa Shamila."

Bi Tatu alimsogezea kiti. "Kwa paa bovu nitapunguza bei, mimi si dhalimu. Hilo lingine lina wazee wake, ila kamuulize mwenyewe kwanza."

Shamila alikuwa ameshatoka chumbani, macho mekundu.

"Kwa nini hukusema, Abbasi?"

"Niliogopa. Nyumba ikinikataa, nitatafuta nyingine. Wewe je?"

Shamila alijifuta uso kwa mtandio, akatazama juu darini.

"Kenchi zote zibadilishwe kabla ya harusi," alisema. "Mimi silali chini ya mchwa."