Kitenge Juu ya Kompyuta

Studio ya Mama Kavira ilikuwa na kompyuta moja tu, na mwaka ule wa vita watu wa Walikale hawakuijia kwa picha za ndoa. Paroki zilimletea picha za watoto waliopotezana na wazazi njiani. Kavira alizichapa na kuzibandika mlangoni. Ndipo karte, kifaa cha ndani cha kuonyesha picha kwenye skrini, ikaungua.

Fundi wake, Guylain, alinunua nyingine akaifunga. Skrini ikatoa mistari mitupu. Pilote ya fabriki, yaani programu ya watengenezaji inayoiongoza karte, ilikubali sistemu ya zamani tu, na programu ya picha ilitaka mpya. Nyirabagenzi, mkimbizi kutoka Masisi, alikaa kizingitini akingoja. Alikuwa akimtafuta mwanawe.

“Uko unafanya nini?” Kavira aliuliza.

“Niko nasikiliza, Mama. Kwa sistemu ya zamani, pilote inatuma amri gani, karte inajibu nini. Kisha nitaandika pilote yangu.”

Kaka yake Kavira aliwahi kuvunjwa mkono kwa kusikiliza fonie, redio ya askari, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kavira alifungua kitenge chake cha juu, akaifunika mashine, akazima jenereta.

“Unataka batufunge? Kusikiliza siri za wengine iko upelelezi. Ao wizi.”

“Mama, karte iko yetu. Kuichunguza juu itumike na sistemu ingine, inchi mingi zinaruhusu. Wizi njo kunakili programu ya fabriki bila ruhusa. Mimi sinakili, ninaandika yangu.”

“Nani alikuambia?”

“Avoka, mwanasheria wa paroki. Alisema sheria za inchi hazifanane, tusome kwanza mukataba wa programu. Tulisoma naye, haikatazi.”

Kavira alimtazama mama wa kizingitini. Akaondoa kitenge, akakiweka pembeni, akaenda kuwasha jenereta mwenyewe.

Guylain alihangaika wiki nzima. Asubuhi moja nyuso za watoto zikajitokeza, safi kabisa. Nyirabagenzi aliinuka, akagusa skrini kwa kidole.

“Huyu njo mutoto wangu,” alisema polepole. “Baliniambia alikufa. Nilisha kumulilia.”

Kavira aliinamia skrini. Alisoma maandishi chini ya picha mara mbili, asiamini macho yake.

“Iko kwa paroki ya Mubi, Mama,” alimwambia Nyirabagenzi. “Iko muzima.”

Kisha akakiokota kile kitenge, akakikung'uta vumbi na kumpa.

“Utamubeba nacho.”