Nani Alishika Mkono wa Breki

Kwenye kona ya tatu mkono wa breki ulilala mpaka ukagusa usukani, laini kama mkate uliolowa, na pikipiki ya magurudumu manne ikaendelea kuteremka kana kwamba haijaambiwa kitu.

"Nishike, mama," mlinzi wa msitu alisema.

Mama mkwe wake, aliyekaa nyuma na kikapu mapajani, alimshika. Mvua ilikuwa imeifanya barabara kuwa sabuni. Mlinzi alibana mara ya pili, mara ya tatu, hakupata kitu. Kushoto kwao kulikuwa na bonde. Alikata usukani kulia, akaupanda ukingo wa mlima. Gurudumu la mbele likagonga mzizi, chombo kikainuka, kikageuka na kuwamwaga wote wawili mtaroni.

"Umeumia, mkwe?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye majani.

"Mimi mzima."

"Basi yupo mzima mmoja. Njoo unitazame mguu."

Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Ngozi ilikuwa imechanika na damu ilichanganyika na matope.

"Maji yamebaki kiasi gani?" mama aliuliza.

"Nusu chupa."

"Osha kidonda. Kiu itangoja."

Aliosha. Alikata vijiti viwili, akaunyoosha mguu kadiri alivyothubutu, akaufunga kwa kitambaa alichojivua mama kichwani. Mama hakulia, aling'ata mpini wa kikapu. Walipokuwa katika hali hiyo walisikia magogo yakivunjika huko juu. Daraja walilotoka kulivuka lilikuwa limechukuliwa na mto. Kituo cha walinzi, alikoishi mlinzi na mkewe, na alikokuwa mama mkwe kwa mapumziko, kilibaki ng'ambo. Simu haikuwa na mtandao. Mbele yao ilikuwa miteremko mitupu hadi barabara kuu, ambako mama alikuwa apande basi arudi kwake.

"Juzi nilikuona bandani ukibadilisha mafuta ya breki," mama alisema alipopata pumzi. "Nani alikushikia mkono wa breki?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua kwamba kazi hiyo ni ya wawili: mmoja hubana mkono wa breki, mwingine hufungua nati gurudumuni hewa itoke. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na mama alikuwa amemshikia breki tangu wakiwa wachumba.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeshika. Asubuhi ya siku hiyo mlinzi alikuwa amemfokea mkewe, mbele ya mama huyuhuyu, kwamba amempotezea spana, na kwamba yeye kazi yake haihitaji mikono ya mtu. Spana ilionekana baadaye, mfukoni mwa suruali yake mwenyewe. Samahani ni neno jepesi, lakini kwake lilikuwa zito kuliko mtungi wa gesi. Mafuta ya breki yalikuwa yamekuwa meusi kama kahawa, safari imekaribia, naye akaona afadhali afanye peke yake kuliko kumwita mke aliyemwambia hamhitaji. Alifunga mkono wa breki kwa ukanda wa mpira, akawa anakimbia kutoka usukanini hadi magurudumuni: anafungua nati ya kutolea hewa, anaifunga, anarudi. Kikombe cha mafuta kule juu usukanini hakikuwa na mtu wa kukitazama. Alipokumbuka, kilikuwa kimekauka na breki zimemeza hewa. Alijaza, akabanabana mpaka mkono ukawa mgumu kidogo, akajiambia inatosha. Haikutosha, naye alijua.

"Mwanao," alijibu. "Mwanao ndiye aliyenishikia."

Mama alifumba macho. "Tangu utotoni hana subira yule. Aliachia kabla hujafunga."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya kushuka mlimani ilikuwa bado ndefu, na mlinzi aliona atasema baadaye, wakishakuwa salama.

Giza liliwakuta chini ya turubai walilolitoa kwenye chombo. Alikinga matone ya mwambani kwa chupa, akamnywesha mama. Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba na kuwa wa moto, na mama alitetemeka.

"Niende kutafuta watu, mama? Nitakimbia."

"Ukirudi utanikuta nimepoa. Kwenye sanduku lako la vifaa kuna mafuta ya breki?"

"Robo chupa."

"Inueni chombo basi, wewe na Mungu wako. Kisha nipandishe kitini."

Alikata mti, akaufanya mtaimbo, akakisukuma chombo mpaka kikasimama kwa magurudumu yake. Alimbeba mama akamweka kitini, mguu uliovunjika akaulaza juu ya kikapu. Mama aliinama juu ya kikombe cha mafuta na kukikinga mvua kwa mgongo wake, maana tone la maji humo lingekuwa kosa jingine. Mlinzi alilala matopeni kwenye gurudumu la mbali kabisa, akachomeka kwenye nati bomba jembamba la kutolea mafuta, akashika spana. Ile ile.

"Bana."

"Nimebana."

Alifungua. Mapovu yalitoka, mengi, kama ya sufuria inayochemka. Alifunga.

"Achia."

"Nimeachia. Mafuta yamefika alama ya chini, njoo utie."

Waliendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu, na chupa ikazidi kuwa nyepesi. Kwenye la mwisho, nati ikiwa wazi, kikapu kiliteleza na mguu wa mama ukagonga chuma. Mlinzi alisikia sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alitazama bomba. Mafuta yalikuwa yanatoka safi, bila povu hata moja, na hayakurudi nyuma.

"Mama?"

"Funga kwanza."

Alifunga. Ndipo mama alipoachia, akalalia usukani akitokwa na machozi. Hapo ndipo mlinzi alipopaswa kusema ukweli. Badala yake alijaribu mkono wa breki: mgumu kama jiwe.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mama alinong'ona. "Kamwambie mwanangu."

Alimfunga mgongoni kwake kwa kamba, wakashuka kwa gia ya kwanza. Kila kona aliposhika breki, breki ilishika, na kila iliposhika aliona aibu.

Mkewe alikuwa kwenye ngazi za zahanati ya barabarani, miguu yake matope hadi magotini. Kwa redio ya kituo alikuwa ameambiwa mama hakupanda basi. Akavuka mto huko juu kwa kamba ya wakata mbao, akashuka kwa njia ya miguu akiwaita. Alimkimbilia mama yake, ambaye wauguzi walikuwa tayari wanamlaza kwenye machela.

"Nimekusamehe, mwanangu," mama alisema, macho yake ya homa. "Uliachia mkono mapema. Lakini nimekusamehe."

Mke aliinua macho, akamtazama mumewe aliyesimama ng'ambo ya machela. Alimtazama mpaka akaelewa kwamba amesingiziwa.

"Asante, mama," alisema. "Sitarudia."

Machela iliingizwa ndani na mlango ukafungwa.

"Hakushika," mlinzi aliuambia mlango. "Sikumwita. Nilifunga mpira."

"Sasa unamwambia nani?" mkewe aliuliza.

Mguu wa mama ulipona ukiwa mfupi. Mlinzi alimweleza yote kwenye wodi ya hospitali alikohamishiwa, siku homa iliposhuka, amesimama kama mtoto wa shule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha shuka.

"Nilijua ninaweza kufa, mkwe," alisema. "Msamaha niliokuwa nao nikampa asiye na kosa. Wako sina leo. Rudi siku nyingine."

Amerudi mara nyingi. Mama humkaribisha, humuuliza hali ya barabara, na habari nyingine hawazigusi.

Mafuta ya breki yalipofika tena wakati wa kubadilishwa, mlinzi alikwenda hadi mlangoni mwa jikoni, akamwita mkewe, akamwomba amshikie mkono wa breki. Mkewe alifuta mikono, akaja bandani, akakaa kitini na kutazama kikombe.

"Bana."

"Nimebana."

Mlinzi alilala chini akiwa ameshika spana, akangoja kama mkewe ataongeza neno la msamaha. Mkewe aliendelea kutazama kikombe, mkono wa breki ameubana, naye akafungua nati.