Kinanda Kilichoacha Kukoroma

Ukutani ilibaki fremu tupu. Santuri haikuwamo. Mwizi alivunja dirisha la nyuma, lakini fremu aliifungua kwa adabu zote.

Inspekta Verna Stallings alizunguka duka polepole. Alilijua tangu utotoni, kama kila mtu wa Harmon Gap, Tennessee: pampu nyekundu ya petroli, vibao vya soda, saa ya stesheni, vyote vya zama za mababu, vimefufuliwa vikang'aa. Alama za vidole hazikupatikana.

"Amechukua hiyo tu?"

"Hiyo tu," alisema Odessa Tarpley, mwenye duka. "Ni sauti ya mama yangu, Inspekta. Aliimba mara moja maishani, ikatoka nakala moja. Leo mchana mji mzima unakuja kuisikia. Nitawaambia nini?"

Verna alimwonea uchungu. Ili apate kufikiri, alitumbukiza sarafu kwenye kinanda cha santuri kilichosimama pembeni. Muziki ukatoka safi kabisa.

"Hiki si kilikuwa kinakoroma?"

"Mwezi mzima. Hata jana nilipofunga." Odessa akakikodolea macho. "Mbona kimepona?"

"Nani anaweza kukitibu?"

"Harlan Pruitt peke yake. Ila tumenuniana, hakanyagi hapa."

Verna alimkuta Harlan karakanani kwake, akipiga msasa mguu wa kiti.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Kinanda cha Odessa kimetengenezwa."

"Hongera zake."

"Hongera ya nini? Kazi ya ovyo. Nyaya zimefungwa kama kamba za viatu."

Msasa ukasimama.

"Ovyo? Nani huyo kipofu? Kila waya nimeulehemu mwenyewe, na..." Maji yalishamwagika.

"Endelea, mzee."

"Nilifuata santuri. Lakini kukiacha kinakoroma nilishindwa. Ile ni kazi ya mikono yangu."

"Na santuri uliifuata kwa nini?"

"Mwandishi wa gazeti alimwuliza Odessa nani kavifufua vitu vile. Akajibu, 'Fundi mmoja hivi.' Miaka ishirini, Inspekta, mimi ni fundi mmoja hivi! Nikataka naye aone inavyouma, kitu unachojivunia kisisikike." Alifungua kabati, akatoa santuri iliyoviringwa kwa flana laini. "Haina hata mkwaruzo."

Mchana duka lilijaa. Odessa aliigeuza santuri mikononi, akamtazama Harlan aliyesimama kando ya Verna.

"Unamshtaki?" Verna alinong'ona.

Odessa aliwageukia watu.

"Kabla mama hajaimba, jueni jambo moja. Kila kinachong'aa humu kimefufuliwa na Harlan Pruitt. Nilipaswa kulisema zamani, nikaona tabu. Dirisha la nyuma nalo atalifufua, bure."

Watu wakacheka. Verna akazirudisha mfukoni pingu alizokuwa amezishika tayari.

Harlan alivua kofia, akanyanyua kidevu.

"Fremu ya dirisha lile ilioza zamani," alisema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. "Nitaweka ya mwaloni."