Wino Mwekundu Juu ya Boti

Kalamu ya wino haiingii katika chumba cha michoro. Kila mfanyakazi wa makumbusho yale aliijua sheria hiyo kabla hajaonyeshwa kiti chake, na binti mhifadhi ndiye aliyeisimamia.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya michoro ya boti za kasi, katikati ya umati, alimkuta kijana mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi likanyooka, pua ameigandisha kwenye kioo.

"Bwana, kioo hakilambwi."

"Niwie radhi, dada. Mimi ni mchoraji katika karakana ya boti. Aliyeuchora mchoro huu, mkono wake haukutetemeka hata mara moja."

"Na wako?"

"Ulikuwa hautetemeki, mpaka uliponisemesha."

Binti akacheka, yeye ambaye kazini hakuwa na mazoea ya kucheka. Simu zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

Haukupita muda mrefu, wazazi wa pande zote mbili walikwisha kujuana.

Asubuhi moja binti alimwingiza kijana katika chumba cha michoro, akamtandazia mezani mchoro uliokuwa wa kale kuliko yote, kisha akatoka kupokea simu ya mama yake. Aliporudi, aliuinamia mchoro. Mstari mwekundu, ungali mbichi, ulikatiza sehemu ya nyuma ya boti.

"Umefanya nini?"

"Nimesahihisha," akajibu kijana, kwa utulivu wa mtu aliyetenda wema. "Usukani umekaribiana mno na propela. Boti ikikata kona kwa kasi, vitagongana. Watu watakufa."

"Watu gani? Boti hii haitaundwa milele!"

Kijana akaitazama kalamu kana kwamba imetiwa mkononi mwake na mtu mwingine. Karakanani kwao, aonaye kosa katika mchoro asilitie alama hufukuzwa siku hiyo hiyo. Mkono ulikuwa umetenda kabla ya akili.

"Kazi sina tena," binti akanong'ona. "Toka. Usinipigie."

Hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akakiri.

"Kalamu niliificha mimi mfukoni, mama. Yeye hakujua."

Mama yule akajikuta amekaa bila kukusudia. "Ulichora juu ya mchoro wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa wino?"

"Mwekundu, mama."

Alipopata pumzi, akatoa hukumu. "Binti atabaki kazini. Wewe utachora nakala kwa mkono, itundikwe ukutani wakati mchoro wa asili unatibiwa. Mstari kwa mstari, pamoja na kosa lake."

"Na kosa, mama?"

"Hasa kosa."

Binti akawekwa kumsimamia. Walikaa meza moja, kila mmoja upande wake, hata penseli ilipofika kwenye usukani, ikagoma.

"Siwezi," kijana akasema. "Ni kama kuapa uongo."

"Ulikwenda kwa mkurugenzi bila kutumwa?"

"Ningekuacha ufukuzwe kwa kosa langu?"

Binti akavuta kiti karibu. "Chora, mume wangu."

Kijana akaruka. "Umeniitaje?"

"Umesikia. Chora."

Akachora. Usukani ukakaa karibu mno na propela, pale pale ulipowekwa na mchoraji wa kwanza. Mkurugenzi akaja, akaupima kwa rula, akarudia kuupima.

"Umekosea sawasawa," akasema. "Adhabu imekwisha."