Fuata Kijani

Walikutana kituo cha mabasi, asubuhi ya mvua, watu wamebanana mbele ya ramani mpya ya mafuriko. Barabara zilizofungwa zilichorwa kwa rangi nyekundu, zilizo wazi kwa kijani. Aliyeichora, binti mrefu wa ofisi ya jiji, alisimama pembeni akisikiliza watu wanavyoisoma. Dereva wa gari la mikate akamgeukia, shati lake linanukia hamira.

"Samahani dada, ya kwenda sokoni iko wazi?"

"Ramani si hiyo hapo? Au macho umeyaacha nyumbani?"

"Ninayo, ila yamepata kazi nyingine."

Binti akacheka, akamwonyesha kwa kidole. Tangu siku hiyo yeye akawa Mama Ramani, kijana akawa Mikate, na simu zao hazikupoa.

Mvua zikiwa bado zinaendelea, Shangazi aliyemlea binti akataka kumwona kijana. Siku yenyewe maji yalijaa mitaani. Binti akatuma ramani kwa simu, kisha akapiga.

"Fuata kijani tu, laazizi. Usichelewe, unamjua Shangazi."

"Hata kwa kuogelea nitafika."

Hakufika. Chai ikapoa, simu yake ikawa haipatikani. Shangazi akakunja kitambaa cha meza taratibu. "Mwanangu, anayekutaka hapotei njia."

Kesho yake Mikate alipiga, sauti imemkauka. "Nilikwama darajani. Maji yaliingia mpaka kwenye injini."

"Daraja lile nimelipaka nyekundu kwa mkono wangu! Sema kweli, ulikuwa wapi?"

Simu ikakatwa.

Wiki zikapita. Kila honi ya gari la mikate iliposikika, binti alikimbilia dirishani. Kumbe dereva mwingine. Alianza kununua mikate asiyoila, kwa sababu tu ya ile harufu.

Mwishowe uzalendo ukamshinda, akaenda kiwandani. Dada yake Mikate, mfungaji wa mikate pale, akamvuta kando.

"Wifi, hakukwambia? Nyekundu na kijani kwake ni rangi moja, tangu utotoni. Ameona aibu, sasa kaomba kazi ya ndani, kwenye tanuri."

Binti akashika kinywa. Alichora kwa macho yake, akadhani ni macho ya wote. Na wangapi wengine walisimama pale wakaogopa kuuliza?

Akaichora ramani upya: barabara zilizofungwa akazitia mistari ya vipande vipande yenye misalaba, zilizo wazi mstari mmoja mnene. Mkuu wake akauliza ile ya kwanza ina ubaya gani.

"Haisomeki," akajibu.

Siku ramani hiyo ilipobandikwa, simu yake ikalia.

"Mama Ramani, niko kituoni. Nimeisoma yote, sijamuuliza mtu."

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi?"

"Nilitaka unione mzima."

"Nilikuona mzima. Nimekonda kwa kukungoja. Njoo."

Alikuja kwa miguu, unga bado kwenye nyusi. Akasimama mlangoni akimtazama kama mtu aliyesahau kusalimia.

"Umependeza. Gauni la bluu limekukaa."

Lilikuwa la zambarau. Binti akaliangalia, akamshika mkono.

"Hebu niambie," akasema polepole, "bluu yake ikoje?"